Kuishusha Vitz bila kuvunja mayai

Jumamosi, 14 Juni

Gari ni Toyota Vitz ya 2007, ile mafundi wanayoiita nyuu modo, namba ya bodi KSP90, injini ya silinda 3, cc 996. Mtaani inaitwa bebiwoka na sina ugomvi na jina hilo. Huu ni mwaka wa tatu niko nayo. Inanusa mafuta tu, spea zake zimejaa Ilala na Kariakoo, na ina kasoro moja inayonikera kila ninapoiegesha: pengo kati ya tairi na madigadi. Vidole vyangu vinne vinaingia vikiwa vimepangana. Ukiitazama ubavuni ni kama mtoto aliyerefuka ghafla, suruali ikabaki juu ya vifundo.

Tatizo ni kwamba gari si langu peke yangu. Kila Jumamosi mke wangu analaza viti vya nyuma na kupakia trei 20 za mayai kutoka Kibaha, anawashushia wateja wake Sinza na Kijitonyama. Trei moja mayai 30, jumla 600. Kwa safari ya kawaida yanapasuka mawili, matatu. Nilipomwambia nataka kuishusha gari, hakubisha hata kidogo.

"Shusha unavyotaka. Ila yai langu likipasuka kwa sababu ya urembo wako, unalipa wewe."

Basi mradi ukapata kipimo chake.

Leo sijafungua nati hata moja, nimepima tu. Nimeweka futi katikati ya rimu, pale kwenye kikofia, nikapanda nayo hadi ukingo wa madigadi. Wengi wanapima kutoka ardhini, lakini kipimo hicho kinadanganya: upepo ukipungua tairini namba inabadilika wakati springi haijaguswa. Mbele nimepata milimita 370, nyuma 373.

Kisha nikamwomba jirani, mtu wa kilo 80 kwa mizani ya duka la dawa, akae kwenye kizingiti cha buti. Nyuma ikashuka milimita 22. Akainuka, ikarudi. Akakaa tena, 22 ile ile. Akaniuliza kama nina mpango wa kumuuza.

Mwisho nikapandisha gamba la mpira linalokinga vumbi kwenye shokapu ya mbele kulia, nikafunga kebo tai kwenye ule mti wa chuma unaong'aa, nikaisogeza chini hadi ikagusa kichwa cha shokapu. Shokapu ikibonyea inaisukuma kebo tai juu, ikirudi inaiacha huko huko. Kwa hiyo unaendesha wiki nzima, halafu unapima ilifika wapi. Ni kifaa cha bei ya pipi na sijaona kinachokishinda.

Ijumaa, 20 Juni

Wiki nzima: kazini na kurudi, barabara ya vumbi ya kwetu Mbezi pamoja na tuta ambalo wakazi wamelijenga wenyewe kwa kifusi bila kumuuliza mtu. Kebo tai imepanda milimita 41. Kutoka gari ilipotulia hadi shokapu kugusa raba yake ya kuzuia kugonga kuna milimita 48. Yaani kwa maisha yangu ya kawaida, gari inabakiwa na milimita 7 tu kabla ya kugusa raba.

Nimeiandika namba hiyo kwenye daftari. 

Jumamosi, 21 Juni

Sasa la aibu. Namba ya jana nimefanya kana kwamba sikuiandika. Springi fupi mpya za kuagizwa Japani zilizidi uwezo wangu mara mbili. Fundi wa gereji moja ya mtaani akaniambia, "Bosi, hizo hela za nini? Tunakata mzunguko mmoja na nusu nyuma, mmoja mbele, mchana huu huu gari iko chini." Kila mtu anajua springi hazikatwi. Mimi pia nilijua. Lakini ukisimama pale gereji, gari ya mwenzako imelala chini mbele yako inameta, unajiambia labda wanaosema hivyo hawakupata fundi mzuri.

Nilimkataza kutumia gesi, kwa sababu moto wake unaua ugumu wa chuma na springi inakaa siku chache kisha inalala. Akachukua grenda. Nikajiona mtaalamu.

Gari ilipoteremshwa kwenye jeki tulinyamaza wote. Ilipendeza, siwezi kusema uongo. Mbele 325, nyuma 318. Imeshuka milimita 45 mbele na 55 nyuma. Vijana wa bodaboda waliokuwa kivulini wakapiga mluzi.

Furaha ilifika hadi tuta la kwanza. Nililipanda polepole kama mtu anayeingia kwenye nyumba yenye msiba, na bado mbele ikalia "gwa!", sauti ya nyundo kwenye bomba. Si springi ile. Ni kitu kinagonga kitu.

Jumamosi, 28 Juni

Safari ya mayai. Yamepasuka 34.

Mke wangu hakusema neno. Alinyoosha kiganja tu.

Mchana niliinua gari kwa jeki nyumbani, magurudumu ya nyuma yakining'inia. Nikaishika springi ya nyuma kushoto na kuizungusha. Ikazunguka. Kwa mkono mmoja! Springi iliyobeba robo ya gari ilikuwa inacheza kwenye kikalio chake kama bangili kwenye mkono mwembamba, kwa sababu imekuwa fupi kuliko nafasi ambayo shokapu inairuhusu pale tairi inaponing'inia. Siku gari itaruka kwenye bonde na gurudumu likaning'inia hewani, springi hiyo inaweza kuhama kikalioni na kurudi imekaa upande. Na ncha niliyokata na grenda haikai kwenye kile kibonde ilikotakiwa kulala. Imeshachubua rangi na kuacha mstari wa kutu mpya.

Gari inabaki uani. Kazini nitaenda kwa daladala, na nastahili.

Jumapili, 29 Juni

Leo nimekaa na daftari na kikombe cha chai ya tangawizi, nikafanya hesabu niliyopaswa kuifanya wiki mbili zilizopita.

Jirani kwanza. Nilimwita akakae tena kwenye buti. Safari hii ilishuka milimita 16, badala ya 22. Springi imekuwa ngumu zaidi kwa kama asilimia 37. Inaingia akilini: springi ni waya mrefu uliosokotwa, na kila mzunguko unatoa sehemu yake ya kunyumbulika. Ya nyuma ilikuwa na mizunguko mitano na nusu inayofanya kazi. Ukiondoa mmoja na nusu unabakiwa na minne, na ile minne inalazimika kubeba uzito ule ule. Gawanya 5.5 kwa 4 utapata 1.375. Jirani na hesabu wamekubaliana hadi nikashtuka.

Lakini ugumu wa springi si ndio ulionivunjia mayai. Hili ndilo nililolielewa leo, na nikiangalia magari mengi yaliyoshushwa hapa mjini naona ndiko wengi tunakokosea. Ugumu ukiongezeka kwa asilimia 37, kasi ya gari kupanda na kushuka inaongezeka kwa asilimia 17 hivi tu, kwa sababu inafuata kipeuo cha pili cha ugumu. Ungeisikia, ungeizoea. Kilichonimaliza ni ile 48. Nilikuwa na milimita 48 za kubonyea kabla ya raba. Nimeishusha mbele 45. Zimebaki 3. Gari langu halikuwa limekaa juu ya springi tena, lilikuwa limekaa juu ya raba, na kila kishimo kilikuwa kinapigwa kwa raba. Na raba yenyewe? Nilipolipandisha gamba la shokapu ya kushoto, raba ikanimwagikia kiganjani. Vipande vya manjano, kama makombo ya keki ya juzi. Zile raba ni za povu gumu, zinaoza kwa umri, na hii ya kushoto ilikuwa imeshakufa kabla hata mimi sijanunua gari. Kwa hiyo upande mmoja ulikuwa unagonga raba, upande wa pili unagonga chuma kwa chuma. Ile "gwa!" ndiyo hiyo.

Kwa hiyo swali halikuwa "nishushe kiasi gani". Swali ni mwendo kiasi gani wa shokapu ninaweza kuupoteza, na nitaufidia vipi.

Nikapanga hivi. Nishushe 25, si zaidi. Springi ziwe ngumu zaidi kwa asilimia 20 hivi, ili pale gari ilipokuwa ikibonyea 41 sasa ibonyee karibu 34. Kushusha 25 kunaniachia 23 kabla ya raba. Raba mpya nikiipunguza urefu kwa milimita 12 napata 35. Ndiyo, 34 na 35. Najua ni finyu, lakini raba mpya nzima ikiguswa kwa ncha yake laini haiumi. Ni springi ya pili hiyo, imewekwa kwa kazi hiyo. Inaumiza pale tu unapoishi juu yake.

Shokapu nazo lazima ziwe mpya. Zangu zina umri wa gari. Springi ikiwa ngumu zaidi inarudi kwa nguvu zaidi, na shokapu iliyochoka haiwezi kuituliza. Ndipo gari linakuwa lile linalotikisa kichwa mara tatu baada ya kila tuta.

Kuna jambo jingine ambalo halihusu mayai lakini lilinikosesha usingizi. Mbele ya Vitz ni mtindo wa MacPherson: shokapu na springi vimesimama pamoja, na chini kuna lowa amu moja inayoshika gurudumu. Kwa kawaida lowa amu inateremka kidogo kutoka katikati ya gari kwenda kwenye tairi. Niliposhusha 45 ilikuwa imeinama kinyume, upande wa tairi umekuwa juu. Ikifika hapo, ile nukta ambayo bodi inalalia kwenye kona inashuka haraka kuliko bodi lenyewe, na gari linalala zaidi konani ingawa liko chini na springi ni ngumu. Na tairodi, ile fimbo inayounganisha usukani na gurudumu, nayo ikiwa imeinama, kila tuta linakata usukani kidogo bila wewe kuugusa. Vijana wanashusha ili gari likamate barabara. Wakishusha hivyo, wanalipunguzia.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba, hakuna kazi. Kelele za wenzangu wakielekea Viwanja vya Maonyesho, mimi niko chini ya gari.

Vilivyonunuliwa: shokapu nne mpya za KYB za kawaida, saizi ya kiwandani. Raba mpya na magamba mapya ya vumbi. Mauntini mpya za juu za mbele, yaani vishikizo vya shokapu kwenye bodi, kwa sababu beringi za zile za zamani zilikuwa zinakwaruza usukani ukikatwa ukiwa umesimama. Na kilichonisumbua wiki nzima kukipata: seti ya springi fupi za Tein, za mtumba kutoka Japani, zile za kijani. Muuzaji wa Ilala alizitoa chini ya rundo la shokapu za Noah. Nilizikagua moja moja kwa kidole mzunguko hadi mzunguko, nikitafuta ufa na kutu iliyokula chuma. Rangi imechakaa, chuma kizima. Kibandiko kimefutika nusu lakini kinasomeka NCP91.

Hiyo NCP91 ikumbuke, nitairudia.

Kazi nimeifanya na fundi mwingine, mtu mzima, ambaye kwanza aliziangalia springi zangu zilizokatwa kisha akaniangalia mimi, akasema tu, "Pole, mwanangu." Shikamoo yangu ilikuwa na uzito zaidi baada ya hapo.

Kufungua mbele kulichukua asubuhi yote kwa sababu ya nati mbili zilizogoma. Springi ya mbele lazima ibanwe kwa kibana springi kabla ya kufungua nati ya juu. Ikikuchomoka inakuua bila mchezo. Mzee hakuwahi kuweka uso wake juu ya springi hata sekunde moja, aliinama kwa ubavu kila wakati, na alinisogeza mimi kwa kiwiko mara mbili nilipojisahau.

Raba tulizipunguza kwa wembe wa kukatia kapeti. Hapa pana ujanja. Raba ina ncha nyembamba na kitako kipana. Usikate ncha. Ile ncha ndiyo inayopokea kwa ulaini kabla kitako hakijashika. Tulikata kwenye kitako, 12. Kabla ya kufunga springi tulirudisha shokapu peke yake, mzee akanyanyua gurudumu kwa jeki hadi raba ikaminywa kabisa, nikapitisha mkono juu ya tairi kuona kama inagusa plastiki ya ndani ya madigadi. Kidole kinapita. Nikakata usukani kushoto, kulia, kidole bado kinapita. Bila kujaribu hivyo ungejua siku umebeba watu.

Halafu jambo ambalo sikulijua kabisa. Nilitaka kukaza bolti za lowa amu gari likiwa bado juu ya stendi. Mzee akanishika mkono. Bushi ya lowa amu ni raba iliyogandishwa kwenye bomba la chuma, haizungushwi, inasokotwa. Ukiikaza gurudumu likiwa linaning'inia, unaigandisha kwenye mkao huo, na gari likishuka chini bushi inabaki imesokotwa maisha yake yote. Inaongeza ugumu ambao hukuulipia, na inachanika mapema. Kwa hiyo bolti zote za bushi, za mbele na zile mbili za ekseli ya nyuma, tulizishika kwa mkono tu, tukashusha gari kwenye matofali ya mbao ili mtu apite chini, tukalitingisha likakaa sawa, ndipo zikakazwa. Ninajiuliza ni magari mangapi yamelaumiwa springi kumbe ni bolti nne zilizokazwa gari likiwa hewani.

Jioni niliinua nyuma kwa jeki na kuishika springi. Haizunguki. Haichezi hata kidogo.

Jumamosi, 12 Julai

NCP91 ni Vitz yenye injini ya cc 1500, silinda nne. Yangu ni silinda 3 na ni nyepesi. Springi za mbele zilizotengenezwa kubeba pua nzito zimewekewa pua nyepesi. Mbele imeshuka 18 badala ya 25. Nyuma imeshuka 30. Gari limekaa kama bata anayetaka kutaga.

Mbele haijaniuma sana: 48 toa 18 ni 30, na 12 nilizokata kwenye raba zinanipa 42. Raha tele. Kwa kweli ningejua ningekata 6 tu. Nyuma ndiko kunanitia wasiwasi, lakini nimeamua kuliacha hadi nione.

Taa za mbele zilikuwa zinamulika matawi ya miembe. Nilizishusha mwenyewe usiku ukutani, kwa kuzungusha skrubu ya nyuma ya taa.

Alaimenti: tairi za mbele zilikuwa zinatazamana nje kwa milimita 3. Hilo ndilo linalokula tairi upande wa ndani hadi nyuzi zinatoka huku wewe ukitazama nje unaona kashata mpya kabisa. Kijana akazirudisha. Kulala kwa tairi kwa ndani kumeongezeka kidogo, chini ya nyuzi moja, na gari hili halikuja na bolti ya kurekebisha. Naliacha.

Jirani amekaa kwenye buti: 18. Yaani ugumu umepanda kama asilimia 22. Ameanza kudai soda.

Nilipotoka alaimenti gari lilikuwa gumu ghafla, nikafadhaika. Kumbe fundi pancha wa jirani, kwa upendo wake, alikuwa amejaza upepo hadi 40 kila tairi "ili isiwe nzito". Nimeurudisha kwenye namba ya kibandiko cha mlangoni. Gari likarudi.

Jumapili, 20 Julai

Shemeji yangu aliniazima rimu zake za inchi 16 zenye tairi 195/45, nijaribu wikendi moja. Niseme tu zilikaa. Pengo lilionekana dogo, gari likawa na heshima, mtoto wa jirani akaliita Subaru.

Tairi yangu ya 165/70R14 ina ukuta wa milimita 115.5. Hiyo ya inchi 16 ina 87.75. Zile karibu 28 zilizopotea ni upepo na mpira, ndiyo springi ya kwanza kabisa kukutana na barabara, kabla ya springi ya chuma haijajua chochote. Kwenye lami ya Barabara ya Bagamoyo hutasikia tofauti kubwa. Kwenye kokoto za kwetu nilisikia kila kokoto kwa jina lake. Usukani ukawa unatetemeka kiganjani, na redio ikaanza kutoa mlio ambao sikuwahi kuusikia tangu ninunue gari.

Sikuthubutu kupakia mayai. Rimu zimerudi kwa mwenyewe leo jioni, nimemwekea na mafuta kidogo. Siku tairi zangu zikiisha nitahamia 175/65R14: kipenyo karibu kile kile, 583 badala ya 587, ukuta milimita 114, na tairi inajaa kidogo zaidi kwenye madigadi.

Jumamosi, 26 Julai

Mayai. Trei 20 kutoka Kibaha, njia ile ile, tuta la kifusi limo. Niliendesha mimi, kwa mwendo wangu wa kawaida, sikubembeleza.

Alihesabu mwenyewe, trei moja moja, sebuleni, miwani puani. Nilikaa jikoni nikijifanya natafuta kitu. Yamepasuka matatu.

"Moja lilikuwa na ufa kutoka bandani," akasema. "Nakuhesabia mawili."

Kebo tai ya mbele: 35.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, Morogoro. Mke wangu alitaka kuona mashine za kutotoleshea vifaranga kwenye maonyesho ya kanda, akawachukua na mama mkubwa wake wawili. Nilipendekeza treni ya SGR. Wakasema gari si umelitengeneza? Basi.

Kilomita zisizofika 200. Watu wazima wanne, kapu la chakula, na kurudi tumeongezewa mafungu ya ndizi na gunia la mchele. Barabarani gari limetulia kuliko lilivyowahi kutulia. Malori yakitupita upepo haulitupi tena pembeni kama zamani, na baada ya Chalinze kwenye zile kona ndefu usukani unakaa pale unapouweka. Mama mkubwa mmoja, ambaye mgongo wake unajulikana ukoo mzima, alilala kutoka Mlandizi hadi tunaingia Morogoro.

Kurudi ndiko kulikonisuta. Na mzigo ule, kwenye matuta ya vijijini, nyuma ilikuwa inagusa. Si "gwa!" ya chuma, ni "bup" ya raba, lakini ni kila tuta, hata nikilipanda upande upande. Kwenye tuta la tano au la sita sauti kutoka kiti cha nyuma ikasema, "Baba, hilo nalo lilikuwa halionekani?"

Nilihesabu hadi nyumbani. Matuta 14.

Jumamosi, 16 Agosti

Nyuma imepata vikalio vya raba vya milimita 10 chini ya springi, vimechongwa kwenye mkanda mnene wa mashine na mzee yule yule, vikatobolewa ili maji yasikae. Raba chini ya springi haibadilishi ugumu, inainua tu. Zile bolti mbili za ekseli zililegezwa na kukazwa upya gari likiwa chini, safari hii niliuliza kabla ya kuguswa.

Nyuma sasa imeshuka 20, mbele 18. Bata ameondoka. Taa nimezirudisha juu kidogo. Pengo la madigadi linapokea vidole vitatu vya kubanana. Si gari la kupigiwa mluzi, na vijana wa bodaboda kivulini hawakuinua hata kichwa nilipopita.

Nikawapakia jirani, mkewe na wanangu wawili nyuma, tukaenda hadi tuta la kifusi na kurudi mara mbili. Kebo tai ya nyuma imesimama milimita 6 kabla ya raba. Soda tano, nimelipa mimi.

Springi zilizokatwa bado ziko uani. Mke wangu anataka kuzifanya miguu ya meza ya banda la kuku.